Kihatarishi sio sababu

Nimesikia tena juzi, "amevuja kwa sababu ya unene wake", mtu anamsemea mgonjwa aliyetoka oparesheni ya tezi ya pituitari, maji ya ubongo yakawa yanamvuja puani, na mgonjwa mwenyewe yupo hapohapo anasikia. Jamani hapana.

Kihatarishi ni kitu ambacho wanaokuwa nacho hupata tatizo fulani mara nyingi kuliko wasiokuwa nacho. Ni hivyo tu. Unaweza kuwa nacho usivuje, na unaweza usiwe nacho ukavuja.

Sababu ya kuvuja ni tundu. Tezi yenyewe imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, madaktari wengi wanaifuata kwa kupitia puani, na kwa juu yake kuna utando mwembamba uliozuia maji yale ya ubongo na uti wa mgongo. Utando ukichanika na kiraka alichoweka daktari kisishike, maji yanashukia puani. Mengine yote yanaongeza tu uwezekano wa tundu kutokea au kukataa kuziba: uvimbe mkubwa uliopanda juu unakuwa umeshaukondesha utando kabla kisu hakijafika, oparesheni ya marudio inakuta makovu, sehemu iliyopigwa mionzi inapona taratibu, na uzito mkubwa huendana na presha ya juu ya maji kichwani, kwa hiyo kiraka kinasukumwa.

Halafu huo unene wenyewe. Kuna uvimbe wa tezi hii unaoleta ugonjwa wa Cushing, mwili unajaa homoni ya kotisoli, mtu ananenepa tumbo na uso huku ngozi na nyama zake zinakuwa dhaifu. Yaani unamlaumu mtu kwa mwili aliopewa na uvimbe uleule aliokwenda kutolewa!

Kihatarishi kikubwa kuliko vyote wala hakipo kwa mgonjwa, ni maji kuonekana yakivuja palepale kwenye meza ya oparesheni. Na hata hapo bado sio hukumu, maana daktari akiyaona anaziba, kwa mafuta kidogo ya tumboni au kwa utando wa ndani ya pua unaogeuzwa ukiwa bado na mshipa wake wa damu, mbinu ya Hadad na Bassagasteguy wa Argentina iliyochapishwa 2006, na wengi wanaozibwa hivyo hawavuji tena.

Kwa hiyo sema "uzito uliongeza uwezekano", inatosha, halafu msaidieni na yanayowezekana: asipenge kamasi, chafya aipige mdomo wazi, asijikamue chooni, na akiinama yakadondoka puani maji yasiyo na rangi, au akasikia ladha ya chumvi kooni, arudi hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu tundu linalotoa maji ndo hilohilo wadudu wa homa ya uti wa mgongo wanapandia.