Anwani moja, wasomaji wawili

Kosa hili nililiandika mwenyewe. Kazi ilikuwa hii: mtumiaji akishaingia kwenye akaunti, arudishwe kwenye ukurasa aliokuwa akiutazama. Njia ya kurudi inabebwa ndani ya URL, kama `?rudi=/oda/15`. Nilijua mtu anaweza kuweka tovuti yake pale ili awanase watumiaji wangu kwa ukurasa bandia wa nenosiri, kwa hiyo nikaweka mlinzi: `rudi` lazima ianze na `https://duka.example` au na mkwaju (`/`).

Mwenzangu aliyekagua msimbo alinijibu kwa mistari mitatu tu:

`https://duka.example.mwizi.example`
`https://duka.example@mwizi.example`
`//mwizi.example`

Yote mitatu inampita mlinzi wangu, na yote inaishia kwa mwizi. Katika wa pili, kilicho kabla ya `@` ni jina la mtumiaji tu, wala si seva. Wa tatu hauna itifaki (`https:` ya mwanzo), hivyo kivinjari kinaazima ya ukurasa uliopo na kwenda zake.

Nikaziba. Anwani kamili nikazikataa zote, na `//` nikaipiga marufuku. Akaleta `/\mwizi.example`. Hapo ndipo nilipoacha kubishana na herufi nikaenda kusoma viwango.

Kumbe viwango vya kusoma URL ni viwili. Kipo RFC 3986 cha Januari 2005, ambacho `\` hakiitambui kabisa kama herufi halali ya URL. Halafu kipo cha WHATWG (kundi la watengenezaji wa vivinjari), kinachofuatwa na vivinjari, na humo `\` kwenye anwani za http na https inasomwa sawa na `/`. Tabo na alama za mstari mpya zinaondolewa kimyakimya. Seva yangu iliona njia ya ndani, kivinjari kikaona jina la seva nyingine. Hakuna orodha ya herufi zilizokatazwa itakayoziba pengo hilo, maana tatizo ni wasomaji wawili wasioelewana.

Siku hizi naandika hivi, kwa JavaScript:

`const u = new URL(rudi, "https://duka.example");`
`if (u.origin !== "https://duka.example") kataa();`

`new URL` inasoma kama kivinjari kinavyosoma, na `origin` (itifaki, jina la seva na namba ya mlango) inalinganishwa nzima, si mwanzo wake. Anwani ya `javascript:`, inayoendesha msimbo badala ya kufungua ukurasa, nayo inaanguka hapohapo, kwa kuwa `origin` yake ni `null`. (Ikiingia maandishi yasiyosomeka kama URL, `new URL` inatupa hitilafu, basi idake.)

Kisha mtume mtumiaji kwenye `u.href` (anwani nzima iliyokwisha kusomwa), si kwenye `rudi` ya awali, wala si kwenye `u.pathname` (njia peke yake, bila jina la seva). Hiyo `pathname` ilinishangaza. Jaribu `/.//mwizi.example`: seva ni yako, ukaguzi unapita, lakini nukta ikishaondolewa, `pathname` inabaki `//mwizi.example`. Ukiituma hiyo peke yake, umerudi kulekule kwenye mstari wa tatu wa mwenzangu.

Kuunganisha vigezo kwa `+` ya maandishi nako nimeacha. `u.searchParams.set()` inageuza `&` na `#` yenyewe.

Hatari ni kubwa zaidi pale seva yako ndiyo inayokwenda kuchukua kitu, tuseme picha ambayo mtumiaji ameweka kiungo chake. `http://2130706433/` haifanani na chochote, ila kwa msomaji wa WHATWG ni 127.0.0.1, yaani seva yako mwenyewe. Na hata jina la kawaida kabisa linaweza kuelekezwa na mwenye nalo kwenye anwani ya ndani ya mtandao wako. Kwa hiyo kagua baada ya jina kugeuzwa kuwa IP (anwani ya namba ya seva), unganisha kwenye IP ileile uliyoikagua, na seva ya mbali ikikuelekeza kwingine, anza ukaguzi upya.