Hapana, mgongoni sikubeba oksijeni

Tangu nirudi Goma kutoka Bahari ya Shamu nimejibu maswali yale yale Himbi, Birere, hadi kwenye foleni ya Petite Barrière. Nililala siku 6 kwenye meli ya wapiga mbizi kusini mwa Misri. Miamba ya matumbawe tuliyoifuata iko mbali na pwani, huwezi kwenda asubuhi ukarudi jioni, ndiyo maana watu wanakula na kulala humo humo. Maswali mengine nayajibu nikitembea. Mengine yananilazimu nikae.

"Mgongoni ulibeba oksijeni." Hili huja kwanza, na simlaumu mtu, maana kila aliyeuguza ndugu hospitalini anaijua chupa ya oksijeni. Ila mtungi wa mpiga mbizi una hewa hii hii unayoivuta hapo ulipo: asilimia 21 oksijeni, karibu yote iliyobaki naitrojeni. Kompresa inaishindilia mpaka mtungi wa lita 12 unabeba hewa ya lita 2,400. Oksijeni tupu, ukipita mita 6 kwenda chini, inaanza kuwa sumu. Degedege linaweza kukukamata na kile kifaa cha kuvutia hewa kikakutoka mdomoni. Meli nyingi hujaza mitungi kwa mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32, na hapo ruhusa ya kwenda chini inapungua, haiongezeki.

Mimi naogopa zaidi pale kompresa inapovutia hewa yake. Sisi tunajua moshi wa grupu, yaani jenereta, lililofungiwa ndani ya duka unavyoua mtu usingizini. Moshi huo ukivutwa na kompresa, unaingia mtungini na unashuka nawe. Kwa hiyo kabla ya kuruka unanusa, halafu unavuta pumzi mbili tatu ukitazama geji, kipimo cha mgandamizo wa mtungi. Sindano ikitulia kwenye 200, nenda. Asubuhi moja sindano yangu ilikuwa ikianguka kila nikivuta, kisha inarudi: valvu ilikuwa imefunguliwa kidogo tu. Kijana wa sitahani akaizungusha, akacheka. Mimi sikucheka.

"Hatari ni kwenda chini." Kushuka ni rahisi, kazi iko kwenye kupanda. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo mita 30 mwili unabanwa mara 4. Naitrojeni unayovuta inayeyuka ndani ya damu na nyama, kama gesi ndani ya chupa ya bia ya Primus iliyofungwa. Ukipanda polepole, mita 9 hivi kwa dakika, ukasimama dakika 3 kwenye mita 5, inatoka kwa pumzi bila kelele. Ukipanda mbio umeng'oa kizibo: mapovu yanaweza kukaa kwenye magoti, mabega, hata uti wa mgongo. Na ukipanda huku umebana pumzi, hewa inatanuka na kupasua mapafu.

Hapa watu wa Goma tungepaswa kuwa walimu wa wengine. Ziwa Kivu linafanya jambo hilo hilo: kilomita za ujazo karibu 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani zimeyeyuka humo, nyingi zaidi chini ya mita 260, zimeshikiliwa na uzito wa maji tu. Ziwa Nyos la Kameruni liliachia gesi yake mwaka 1986, watu kama 1,700 wakafa usiku mmoja. Ndiyo maana jirani yangu aliniomba nisijaribu mchezo wangu hapa, nisije nikaliamsha ziwa. Nilimtuliza. Mpiga mbizi wa starehe anaishia mita 40. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo yenyewe iliingia ziwani na gesi ya chini haikutoka.

Ndege pia iko kwenye hesabu hii. Wengi wanadhani unatoka majini, unajipangusa, unakimbilia uwanjani. Baada ya siku kadhaa za kupiga mbizi unasubiri angalau saa 18. Meli yetu ilidai 24. Hewa ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlima wa mita 2,000 hivi, na mwili bado una mabaki ya naitrojeni. Kwetu hata barabara inahesabiwa: Goma iko karibu mita 1,500, na njia ya Kigali kwenda Musanze inapita juu ya 2,000. Siku ya mwisho nilikaa sitahani, mkavu, nakula maharagwe ya Kimisri na kuwaonea wivu samaki.

"Matumbawe ni mawe." Ni wanyama, wadogo sana, wanaojijengea nyumba ya chokaa na kulishwa na mwani unaoishi ndani ya miili yao. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani unaondoka na matumbawe yanabaki meupe. "Basi tungeyaona Muanda, nasi tuna bahari." Hapana: Mto Kongo unamwaga hapo tope na maji yasiyo na chumvi, na matumbawe haya yanataka maji ya chumvi, ya joto, yanayopenywa na mwanga. Kwa Mkongomani wa mashariki, Mafia na Pemba ndiko karibu.

Na papa, bila shaka. Niliona wawili, wote wakageuka wakaenda zao. Misri wamekufa watu kwa papa, sitaficha, lakini dunia nzima wasiowachokoza wanaouawa ni kama 6 kwa mwaka kwa wastani.

Mtu mmoja tu aliuliza swali la kweli, mama anayeuza mihogo kwenye bandari ya Kituku hapa Goma na kusafiri kwa boti kila wiki. Aliona ile ya Oktoba 2024 ikipinduka mbele ya bandari na makumi ya watu. Papa hakumtaja. Aliuliza habari ya jile, ile fulana ya kuelea: "Mulikuwa na jile? Na usiku, nani alikuwa macho?"

Nikamsimulia meli ya wapiga mbizi iitwayo Conception, iliyoungua California usiku wa tarehe 2 Septemba 2019. Watu 34 walikufa, wote walikuwa wamelala chini ya sitaha, na hakuna aliyekuwa akizunguka kulinda. Mama akauliza kama haikuwa na mlango wa pili. Ulikuwepo. Ngazi na kile kitundu cha dharura vyote vilitokea kwenye chumba kimoja, na chumba hicho ndicho kilichokuwa kikiwaka.