Kuchora Mwezi na nebula kwenye darubini: yanayosemwa na yalivyo

"Mimi sijui kuchora." Hapa Kigoma, ukitoa darubini uani na kumpa mtu penseli, hilo ndilo jibu la kwanza. Lakini kishada cha nyota ni nukta tu: nyota kali nukta nene, nyota hafifu nukta ndogo, ndani ya duara lililochorwa kwa kuzungushia mfuniko wa kopo. Nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, ni unga wa penseli uliosambazwa kwa kidole. Kazi iko kwenye kukadiria umbali wa nyota hii na ile, na hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Wengine husubiri mwezi mpevu. Huo ndio usiku mbaya kuliko yote! Jua huwa linaupiga Mwezi usoni, vivuli hamna, na milima yote inaonekana bapa. Anza na robo ya kwanza, Mwezi ukiwa nusu, utazame pale mwanga unapokutana na giza. Siku mbili hivi baadaye, Copernicus, kreta yenye upana wa kilomita 93 hivi, huwa jua linaichomozea, na kuta zake hutupa vivuli virefu ndani ya shimo. Ila mpaka huo wa mwanga hausimami: karibu na ikweta ya Mwezi husogea kilomita 15 hivi kwa saa. Kwa hiyo chagua kreta moja, andika saa, kisha chora kingo za vivuli kwanza na upesi. Mengine utajazia. Ukizubaa, kilele kilichokuwa gizani kitakuwa kimeshawaka, na mchoro wako utakuwa na saa mbili tofauti ndani yake.

Halafu kuna suala la kufananisha na kitabu. Kwetu mwezi mchanga mara nyingi hulala chali kama mtumbwi; vitabu vya Ulaya huuonyesha umesimama. Usiusimamishe. Isitoshe, darubini ya kioo hupindua picha juu chini. Ukitaka kujua pande, iache darubini itulie: kitu kitatoka nje ya duara upande wa magharibi. Andika hapo "magharibi", basi.

Rangi nazo zinawaponza wengi. Nebula ya Orion hupita karibu kabisa na utosi wetu, Kigoma na Tabora vilevile, kwa kuwa iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika ulio juu ya ikweta ya Dunia. Bahati mbaya msimu wake mzuri ni Desemba na Januari, katikati ya msimu wetu wa mvua, kwa hiyo unavizia mvua inapokatika. Aliyezoea picha za waridi na zambarau huona ukungu wa kijivu, akadhani darubini ni mbovu. Gizani jicho hutumia chembe zisizotambua rangi. Chora kijivu. Tena tazama pembeni kidogo ya kitu, si moja kwa moja. Mabawa ya ule ukungu yatajitokeza.

Je, kamera haijamaliza kazi hii? Picha iliyopigwa kwa muda mrefu mara nyingi huunguza kitovu cha Nebula ya Orion kikawa cheupe kitupu, ilhali jicho huona nyota nne zilizobanana pale pamoja na ukungu wake. Na umbo la kujipinda kama konokono la galaksi (kundi kubwa mno la nyota) ya M51 lilijulikana kwa mchoro: mtazama nyota Lord Rosse alilichora Ireland mwaka 1845.

Tochi nyekundu ya kuangazia karatasi, ni lazima? Kwa Mwezi si lazima. Kwa nebula, ndiyo: macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja ikiwashwa unaanza upya. Kigoma tuna kero ya ziada, kwani usiku wa giza ndio wa wavuvi wa dagaa, na ziwa lote la magharibi huwaka taa. Lipe mgongo. Tabora hawana taa hizo, ila kiangazi moshi wa mioto ya nyika huwafichia vitu vya chini kusini, kama kishada cha 47 Tucanae.

Kuna wanaoona aibu kuuchora upya mchoro ndani kesho yake. Rudia kwa unadhifu upendavyo, mradi usiongeze ulichokiona kwenye picha, na ule wa uani wenye umande na alama za vidole usiutupe.