Je, wajua kwa nini gari jipya la umeme hutetemeka likishika kasi?

Dereva anayetoka Makambako kuelekea Mbeya kwa gari jipya la umeme huenda asione dosari yoyote akiwa kwenye matuta au nyuma ya malori. Akishapita Igawa na kuingia uwanda wa Usangu, ambako barabara hunyooka kuelekea Chimala, mwendo hupanda hadi kilomita 100 kwa saa na usukani huanza kumtetemekea mikononi; akipunguza hadi 70, gari hutulia kana kwamba halikuwa na neno.

Lawama za kwanza hupewa mota na betri, kwa kuwa ndivyo vitu vigeni, lakini hesabu ndogo huvisafisha. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 hivi, katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huzunguka takriban mara 14 kwa sekunde. Mota, ambayo katika magari mengi ya aina hii huzunguka karibu mara 9 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, hupita mara 120 kwa sekunde, na kasoro ya kasi hiyo husikika masikioni kama mvumo. Mtikisiko unaohisiwa viganjani ni wa gurudumu.

Gurudumu ambalo upande mmoja umezidi kwa gramu 20 tu kwenye ukingo wa rimu huvutwa, katika mwendo huo, kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3, na mvuto huo hubadili upande kila nusu mzunguko. Katika kilomita 50 kwa saa nguvu hiyo huwa robo tu, kwa sababu hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Isitoshe, gurudumu likiwa kati ya springi na mpira wake lina mdundo wake wa asili, wa mara 10 hadi 15 kwa sekunde, na mizunguko inapokutana na mdundo huo mtetemo hukuzwa. Ndiyo maana wakati mwingine gari hutetemeka katika 100 na kutulia kidogo katika 120, jambo ambalo si kibali cha kukimbia zaidi.

Kwa nini basi gari jipya? Gari lililokaa wiki kadhaa melini na bandarini bila kusogea hupata ubapa pale tairi zilipokanyaga, na uzito wa betri, ambao ni mamia ya kilo, huzidisha hali hiyo. Ubapa mdogo huisha tairi zikishapata joto safarini, uliokomaa hauishi. Baadhi ya tairi za magari haya zina sponji iliyogundishwa ndani ili kupunguza kelele, nayo ikibanduka usawa hupotea. Halafu hakuna ngurumo ya injini ya kuficha lolote.

Kabla ya kulipa fundi, chungulia ndani ya rimu: tope la Rungwe lililokaukia humo linatosha kuleta taabu yote hii. Usukani ukitikisika, shuku magurudumu ya mbele. Kiti kikitikisika, shuku ya nyuma. Mtetemo unaotokea wakati wa kukanyaga breki tu huelekeza kwenye diski, na ule wa wakati wa kuongeza mwendo tu huelekeza kwenye viungo vya ekseli. Ikiwa tairi zote zina saizi moja, badilishana za mbele na za nyuma, kisha uone kama mtetemo umehama nazo.

Mafundi wengi hukimbilia alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Kwa maoni yangu hapo pesa hupotea, kwa kuwa alaimenti mbovu hulivuta gari upande na kula tairi, lakini mara chache huleta mtetemo yenyewe. Anza na balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu pande zote. Ikishindwa, fundi azungushe gurudumu na kuangalia kama rimu imepinda, kisha nati zikazwe kwa kuvuka kila mara hadi ya upande wa pili, si kwa kufuatana. Jeki iwekwe mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji tu, maana chini ya sakafu ya gari hili ndipo betri ilipolala.