Je, wajua kwa nini mshauri nasaha anaweza kukutoa ofisini mkatembee?

Panda basi la Mbeya au la Arusha pale stendi ya Magufuli, ukae jirani na mtu usiyemjua kabisa. Kabla hamjafika Chalinze huenda umeshajua kwamba ana kesi ya kiwanja na kaka yake, kwamba mkewe amerudi kwao, na kwamba usiku hapati usingizi. Mtu huyohuyo mkalishe ofisini, ukae mbele yake na daftari, umuulize anajisikiaje. Atakujibu "salama tu" na kuangalia saa.

Wapo wanasaikolojia ambao kwa sababu kama hiyo wameamua kuviacha viti. Hufanya kikao cha ushauri nasaha wakitembea na mteja bustanini, ufukweni au msituni. Mazungumzo ni yaleyale ya ofisini, muda nao ni uleule wa dakika 50 hivi, ila miguu inakwenda. Swali ni hili: hatua zina nini cha kumfungua mtu kinywa?

Jibu la kwanza liko machoni. Ofisini mnatazamana. Ukisema jambo la aibu, papo hapo unaanza kuusoma uso wa anayekusikiliza: amekunja paji? Ameshanihukumu? Mkitembea bega kwa bega, wote wawili mnatazama mbele. Huna uso wa kuusoma, na wako hausomwi. Machozi yakitoka unayafuta, safari inaendelea.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha saikoanalisia, yaani tiba ya kuchimbua kwa mazungumzo yaliyofichika akilini, aliliona hilo zamani, ingawa kwa upande wake yeye. Alikuwa akiwalaza wagonjwa kwenye kochi, naye akikaa nyuma yao wasimwone. Mwaka 1913 aliandika bila kuficha kwamba sababu mojawapo ilikuwa yake binafsi: hakuweza kuvumilia kukodolewa macho saa nane au zaidi kila siku. Na kabla ya hapo, Agosti 1910, mtunzi wa muziki Gustav Mahler alimfuata Leiden, Uholanzi, akiwa amevurugwa na mambo ya ndoa yake. Kochi halikuwepo. Wakatembea mitaani kwa takribani saa nne, na hicho ndicho kilichokuwa kikao. Wakatoliki nao wameujua ujanja huu kwa karne kadhaa: kwenye kitubio, padri anakaa upande mmoja wa kiwambo na muungamaji upande wa pili.

Kwetu macho yana uzito wa ziada. Kijana wa miaka 20 akiketi mbele ya mshauri mwenye umri wa mama yake, malezi yenyewe yanamwinamisha kichwa. Ameshampa shikamoo mlangoni. Sasa atamkazia macho vipi amweleze habari za pombe au za chumbani? Mshauri asiyezijua adabu hizi anaweza kudhani kijana anaficha jambo. Wakitembea sambamba, tatizo linakwisha lenyewe, maana anayetembea hutakiwa kuangalia anapokanyaga. Kwa maoni yangu, kwa mji kama Dar es Salaam hii ni faida kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko miti.

Kisha kuna ukimya. Ndani ya chumba, nusu dakika ya kimya humtia mtu jasho, mmoja wenu lazima aseme chochote ili kuijaza. Njiani mnaweza kwenda hatua mia bila neno na asiwepo anayeona ajabu. Mara nyingi neno zito hutoka baada ya kimya cha namna hiyo, pale mtu alipopata nafasi ya kulipima kwanza.

Miguu nayo inaamsha ubongo. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, waliofanya utafiti wao katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo watu walitakiwa kubuni mawazo mapya wakiwa wamekaa na wakiwa wanatembea. Kwa wastani ubunifu ulipanda kwa takribani asilimia 60 wakati wa kutembea, na ulipanda hata kwa waliotembea juu ya mashine ndani ya chumba, wakitazama ukuta mtupu. Hao hawakuwa wagonjwa, na hawakuwa wakieleza shida zao, kwa hiyo tusiyavute matokeo hayo mbali mno. Hata hivyo, mwenye sonona huwa amenasa kwenye wazo moja analolizungusha kutwa kucha, na chochote kinachoongeza njia za kufikiri si cha kudharau.

Kuhusu mawazo hayo ya kuzunguka kuna utafiti mwingine, wa Gregory Bratman na wenzake, wa mwaka 2015. Watu 38 waligawanywa makundi mawili, kila mmoja akatembea peke yake kwa dakika 90: wengine kwenye uwanda wa nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita kwenye nyasi walisema mawazo hayo ya kuzunguka yamepungua kuliko awali, na picha za ubongo zilionyesha utulivu katika eneo la mbele linalohusishwa na huzuni na kujilaumu. Wa barabarani hawakupata badiliko hilo.

Kumbe mahali napo pana kazi yake. Mapema zaidi, mwaka 1984, Roger Ulrich alikuwa ameonyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania walitoka mapema kidogo na kuhitaji dawa kali chache za maumivu pale dirisha lao lilipotazama miti, kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa maelezo ninayoyaona yana mantiki: barabara inakudai umakini kila sekunde, mawimbi na majani hayakudai chochote. Unayaangalia, akili inapumua. Mtu anayekwepa bodaboda iliyopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu hawezi wakati huohuo kueleza kifo cha baba yake.

Na hapo ndipo Dar inapoanza kuwa ngumu. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, karibu na Makumbusho ya Taifa, ina kivuli kizuri ila ni ndogo, mtazunguka mara nyingi. Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna miti na vijia. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni msitu kweli, lakini nauli na foleni vitakula nusu ya siku. Kinachobaki kwa wengi ni pwani: ufukwe wa Coco, au kandokando ya Barabara ya Barack Obama, ile ambayo wengine bado wanaiita Ocean Road. Coco ya Jumatatu alfajiri inafaa. Coco ya Jumapili jioni, na muziki wake, mihogo na mishikaki, achana nayo.

Joto nalo halina huruma. Kati ya Desemba na Machi nyuzi hupita 30 na unyevu unakulowesha kabla hujafika kwenye kiini cha shida. Wakati wa kufaa ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ndiyo msimu wenyewe. Masika ikianza, kikao kinarudi chini ya paa.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, ni watu. Hapa huwezi kumpita shangazi yako ufukweni bila salamu, na shangazi haridhiki na salamu: nyumbani hawajambo, watoto je, na huyu mwenzio ni nani? Mwanamke na mwanamume wakionekana wanaongea kwa sauti ya chini saa kumi na mbili asubuhi, mtaa mzima umeshaamua wao ni nani. Ndiyo maana mambo haya hupangwa kabla ya hatua ya kwanza. Tukikutana na mtu unayemfahamu, nikutambulishe kama nani, au nisogee pembeni nijifanye naongea na simu? Jina la ugonjwa tulitaje au tulifumbe? Mpita njia akitukaribia, tunanyamaza? Mshauri asiyeyauliza haya amekutoa nje bila kukulinda, na siri ni sehemu ya tiba.

Kwa kawaida kikao cha kwanza hubaki ndani, ili mshauri ajue anashughulika na nini, na magoti na moyo vikoje. Njia nayo huchaguliwa kwa hesabu: dakika 25 za kwenda na 25 za kurudi. Mambo mazito ni vizuri yaibuke upande wa kwenda, ili njia ya kurudi itumike kutulia, mteja asiachwe kituo cha daladala akiwa bado anatetemeka.

Si kila mtu anafaa kutolewa nje. Anayesikia sauti zisizokuwepo, anayefikiria kujiua, au aliyetoka kwenye tukio la kutisha juzi tu anahitaji hospitali na chumba salama kwanza. Na kwa asiyeweza kutembea, Zimbabwe ilishaonyesha njia: tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina bibi wa mitaani Harare kuwasikiliza watu wenye msongo wakiwa wamekaa pamoja kwenye benchi la mbao, nje, katika viwanja vya kliniki. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yaligundua kwamba miezi sita baadaye dalili za walioketi na bibi hao zilikuwa zimepungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Miguu ilikuwa imetulia, lakini anga lilikuwa wazi, na hapakuwa na meza katikati.