Kwa nini Marekani iliwahi kutengeneza sarafu ya dola nne?

Je, wajua kwamba mwaka 1879 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilitoa sarafu ya dhahabu ya dola nne? Marekani tayari ilikuwa na ya dola tatu, ambayo watu hawakuichangamkia, na ya dola tano iliyozoeleka. Madukani hakuna aliyelalamika kwamba nne imekosekana. Wazo lilitoka mbali, Vienna.

Balozi wa Marekani katika dola ya Austria na Hungaria alikuwa John A. Kasson, mtu aliyewahi kuongoza kamati ya Bunge la Marekani inayoshughulikia sarafu, mizani na vipimo. Huko Ulaya aliona mambo yamerahisishwa. Tangu mwaka 1865 Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi zilikuwa zimeungana katika Umoja wa Fedha wa Kilatini: kipande cha faranga 20 cha Paris kilikuwa na dhahabu sawasawa na cha lira 20 cha Italia, na mfanyabiashara alikipokea bila kupiga hesabu. Austria haikuwa mwanachama, lakini ilitengeneza sarafu ya florini 8 yenye dhahabu ileile. Kasson akashauri Marekani nayo iwe na sarafu ya kusafiri hivyo. Alexander Stephens, mwenyekiti wa kamati ya sarafu wakati huo, akalipokea wazo hilo na kuomba mifano itengenezwe.

Mifano ya aina hii ni sarafu za majaribio. Hutengenezwa chache ili wakubwa wazishike mkononi na kuamua, na nyingi huishia hapo. Hii ilipewa jina Stella kutokana na nyota kubwa yenye ncha tano iliyochorwa upande wa nyuma. Upande wa mbele kuna kichwa cha mwanamke anayewakilisha uhuru, na kukizunguka yamewekwa maandishi yasiyo ya kawaida kabisa kwenye fedha: gramu 6 za dhahabu, 0.3 za fedha, 0.7 za shaba, jumla gramu 7. Kati ya kila herufi na tarakimu imewekwa nyota, na nyota hizo ni 13, idadi ya majimbo yaliyoanzisha Marekani. Mimi naona hapo ndipo penye uzuri wake. Ni sarafu inayomwambia mgeni waziwazi kilichomo ndani yake, ili aipime mwenyewe.

Na kweli ukiipima, tatizo linajitokeza. Faranga 20 zilikuwa na dhahabu safi ya takriban gramu 5.81, wakati Stella ilikuwa na gramu 6. Kwa fedha ya Marekani, faranga 20 zilikuwa kama dola 3.86. Kwa hiyo aliyelipa kwa Stella mjini Paris angepoteza zaidi ya senti kumi kwa kila kipande, au angelazimika kudai chenji, na hapo ile faida yote ya kutopiga hesabu ingetoweka. Nyumbani nako, dola nne kwa kipimo cha sheria zilihitaji dhahabu kupita gramu 6 kwa kiasi kidogo sana. Sarafu iliyobuniwa ilingane na za wenzake haikulingana kamili na yoyote.

Tena Wamarekani walikuwa wameshaonja ugumu huo. Mwaka 1874 ilitengenezwa sarafu ya majaribio ya dola kumi iliyoandikwa thamani yake kwa fedha za nchi sita, na kwa faranga ilisomeka 51.81. Nani angekumbuka hiyo sokoni? Sarafu hupokelewa ugenini watu wakiiamini na kuizoea. Reale ya Maria Theresa, iliyotoka Austria hiyohiyo aliyokuwa Kasson, ilikubalika hadi Unguja, na hakuna mkataba wowote wa fedha ulioipeleka huko.

Sasa tuje kwa waliozichonga, kwa sababu Stella ina sura mbili. Ya kwanza ni ya Charles Barber: nywele za mwanamke zimeachwa zikishuka mgongoni. Ya pili ni ya George T. Morgan: nywele zimesukwa na kuzungushwa juu ya kichwa. Wote wawili walizaliwa Uingereza, Barber London na Morgan Birmingham. Barber alikuwa mwana wa William Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda. Morgan aliletwa mwaka 1876 baada ya mkurugenzi Henry Linderman kuomba fundi hodari kutoka Uingereza, na miaka miwili baadaye dola yake ya fedha ikaanza kutumika nchi nzima. William alipofariki Agosti 1879, mwaka uleule wa Stella, nafasi yake ilimwendea mwanawe.

Wabunge walitaka kuziona, hivyo zikatengenezwa zaidi ya 400 za Barber zenye mwaka 1879, nyingi zikitolewa mwaka 1880, na wakaruhusiwa kuzinunua. Inasimuliwa kwamba baadhi yao waliwazawadia wanawake wenye madanguro ya Washington, nao wakazivaa shingoni. Kisa chenyewe sikiwekei dhamana, ila zipo Stella zenye alama za kuwahi kufungwa kwenye mikufu. Bunge halikupitisha sarafu hiyo, na mpango ukafa.

Za Morgan hazikuuzwa kwa wabunge. Za miaka yote miwili, 1879 na 1880, ni makumi machache tu, na mwaka 2013 moja ya 1880 ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.5. Kwa macho yangu ndiyo nzuri zaidi: uso umetulia, na msuko umechongwa uzi kwa uzi. Morgan mwenyewe alibaki msaidizi mpaka Barber alipofariki mwaka 1917, ndipo akawa mchongaji mkuu, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70.