Batiki haichuji kwa sababu ya mkono mbaya: tunayoambiana Tanga na ukweli wake

Kaskazi ikishaanza kuvuma na joto la Tanga likapita nyuzi 30, kila mtu anatafuta nguo ya pamba nyepesi. Ndio msimu ambao madera, mashati, vilemba na mikoba ya batiki ya kufunga hujaa kwenye kamba za nyua, kuanzia Ngamiani hadi Mikanjuni. Kazi yenyewe inafanyika nyumbani bila shida. Kinachoniuma ni kuona mtu amenunua marikani yake, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kwa pesa ya kudunduliza, amekaa akifunga mafundo mpaka vidole vinauma, halafu mfuo wa kwanza tu rangi yote inaishia karaini na kanzu iliyolowekwa pamoja nayo imegeuka ya waridi. Kisha anaambiwa ana mkono mbaya, rangi hazimpendi.

Hakuna mkono mbaya. Kuna kitambaa, kuna rangi, na kuna dawa ya kuishikisha. Vitatu hivi visipopatana, nguo itachuja hata ikitiwa rangi na fundi wa miaka mingi. Na sehemu kubwa ya ushauri tunaopeana mitaani huvigombanisha.

“Tia chumvi na siki, rangi itashika”

Huu ndio ushauri wa kwanza utakaopewa. Shoga yako atakwambia, jirani atakwambia, na muuza rangi naye atakuitia dukani: “Dada, usisahau chumvi mkono mmoja na siki kidogo.” Wote wana nia njema.

Chumvi ina kazi yake, ila si hiyo. Rangi iliyomo kwenye ndoo ya maji mengi huwa radhi kubaki majini, na chumvi huisukuma iende kwenye uzi. Ikishafika, chumvi imemaliza kazi, haiifungi. Ndiyo maana anayemimina rangi kwa chupa moja kwa moja juu ya kitambaa haihitaji kabisa. Na nguo ambayo imeshaanza kuchuja, kuilaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha hakuirudishii kitu.

Siki ina madhara zaidi. Siki ni tindikali, na tindikali husaidia rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya sufi na hariri, yaani nyuzi zitokanazo na wanyama. Pamba ni mmea. Rangi ya pamba ya kutia kwa maji baridi inataka kinyume cha tindikali, nayo ni soda ashi. Ukiongeza siki juu yake umeizima soda, na rangi haina tena cha kuishikisha.

Rangi hizi za baridi ziliingia sokoni mwaka 1956, zikitengenezwa na kampuni ya ICI ya Uingereza. Upya wake ulikuwa kwamba rangi haijishikizi tu juu ya uzi. Inaungana na uzi wenyewe kikemia. Muungano huo hautokei bila soda. Kipimo kinachofanya kazi ni kikombe kimoja cha soda ashi kwa lita 4 za maji ya uvuguvugu. Kitambaa kiloweke humo dakika 15, kikamuliwe, kifungwe, kitiwe rangi kikiwa bado kibichi.

Wengine huuliza kama magadi ya kupikia maharage hayafai. Ni ndugu wa karibu: magadi yanayotoka Ziwa Natron yana soda ashi ndani yake, lakini imechanganyika na bikaboneti, chumvi na udongo, kwa hiyo hujui umetia nguvu kiasi gani. Leo rangi itakolea, kesho kwa magadi ya fungu jingine itafifia. Bikaboneti ya kuumulia keki yenyewe ni dhaifu mno. Tafuta soda ashi ya unga mweupe, ile wanayonunua watengeneza sabuni.

“Nimeuziwa rangi feki, ndoo ni kijani na mimi nilitaka bluu”

Rangi nyingine zinazotumika sana kwenye batiki zetu si za soda ashi. Ni zile zinazotaka dawa mbili, kostiki (caustic soda) na haidrosalfaiti, zinazokorogwa kwa maji ya moto. Hizi zina tabia ambayo huwatia watu hasara kwa kutoijua tu.

Unga wa rangi hii kwa asili hauyeyuki majini. Kostiki na haidrosalfaiti huubadilisha kwa muda ili uyeyuke na kupenya uzini, na ukiwa katika hali hiyo mara nyingi huwa na rangi tofauti kabisa na ya mwisho. Nili ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Ndani ya ndoo maji yake ni ya kimanjano yenye ukijani. Chovya kitambaa, kitoe taratibu, kishike hewani: kwanza ni kijani cha jani bichi, halafu kwenye kingo na mikunjo ya juu bluu inaanza kuingia, inatambaa kuelekea katikati, na baada ya dakika chache kitambaa chote kimekuwa bluu mbele ya macho yako. Ni hewa iliyoirudisha rangi katika hali yake ya kutoyeyuka, sasa ikiwa imenaswa ndani ya uzi.

Asiyelijua hili huona kijani, huhamaki, huongeza rangi nyingine ndooni, na kitambaa hutoka na bluu iliyokaribia weusi. Au hukisuuza papo hapo kabla hewa haijafanya kazi, rangi nyingi ikaondoka na maji. Subiri. Fungua mafundo, tandaza kitambaa, geuza upande wa pili, kiache kipigwe na hewa mpaka rangi iache kubadilika.

“Anika juani, jua ndilo linalokoleza”

Kwa rangi za kostiki kinachokoleza ni hewa, na kivulini hewa ipo. Kwa rangi za soda ashi, jua kali ni adui wa wazi: muungano wa rangi na uzi huendelea pale tu kitambaa kinapokuwa na unyevu. Kikikauka, umesimama. Kwa hiyo nguo iliyokwisha tiwa rangi ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, iweke pembeni kivulini, iache mpaka kesho yake saa ileile. Hapa watu wa pwani tuna bahati. Wanaoishi kwenye baridi huhangaika kuitafutia nguo yao joto la zaidi ya nyuzi 20. Sisi wakati wa kaskazi tunalo bure, mchana na usiku.

“Kitambaa chochote cheupe kinafaa”

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, hasa kwa wanaonunua fulana nyeupe za mitumba na mitandio ya kutia rangi kwa ajili ya kuuza.

Poliesta haishiki rangi ya pamba. Haishiki kidogo, haishiki baadaye, na kuongeza dawa hakubadilishi lolote. Rangi zake ni za aina nyingine na viwandani hutiwa kwa joto la nyuzi zipatazo 130 ndani ya mitungi ya presha, kitu ambacho ndoo ya uani haiwezi. Fulana iliyochanganywa nusu pamba nusu poliesta hutoka imepauka kwa sababu nusu yake imebaki nyeupe. Na hata dera la pamba tupu likiwa limeshonwa kwa uzi wa poliesta, mishono itabaki myeupe ikionekana wazi. Si kosa lako. Ukiwa unamshonea mteja, mwambie mapema, au tia rangi kitambaa kabla ya kushona.

Usikubali neno la muuzaji bila kupima. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye upindo, zishike kwa kibanio, ziwashe kiberiti juu ya sahani yenye maji. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini ya kijivu yanayopotea ukiyasugua vidoleni. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, huacha kigololi cheusi kigumu usichoweza kukivunja kwa kucha. Ukipata vyote viwili, majivu na vigololi, ni mchanganyiko. Reyoni, ambayo baadhi ya mitandio laini hutengenezwa nayo, huwaka vilevile kama pamba na inashika rangi vizuri ajabu. Ni ya kutafutwa. Hariri ni habari nyingine: usiitie kwenye kostiki, italiwa.

Marikani nayo, pamoja na uzuri wake, ikitoka dukani imejaa wanga wa kiwandani. Ukiitia rangi hivyohivyo, rangi itashika wanga, na wanga utaondoka mfuoni. Ifue kwanza kwa maji moto na sabuni mpaka iwe imelegea mkononi. Usitie dawa ya kulainisha nguo.

“Kostiki si kitu, mama zetu waliishika kwa mikono”

Sitaki kulipitia hili haraka haraka. Kostiki inaunguza ngozi na inaweza kupofua jicho. Kuna wanawake wenye makovu mikononi kwa sababu ya batiki, na hayakuwa lazima.

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki hula alumini. Inachemka, inatoa povu na gesi inayoshika moto, na sufuria yenyewe inatoboka. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha enameli, na chombo hicho kisirudi jikoni tena. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Ukimwaga maji juu ya kostiki yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu ndefu za mpira, funika macho, fanyia kazi uani penye upepo, na watoto wasiwepo karibu.

Ikikumwagikia, usipake ndimu wala siki kwa kudhani vitaizima. Maji, maji mengi ya kutiririka, kwa muda mrefu, na kama ni jichoni endelea kumwagilia dakika 15 au zaidi na uende hospitali. Haidrosalfaiti nayo iweke pakavu, mfuko umefungwa. Ikipata unyevu hujipasha joto na inaweza kuwaka moto yenyewe. Nyumba zetu za pwani zina unyevu wa kutosha kulifanya hilo litokee kabatini.

“Maji ni maji”

Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye miamba ya matumbawe yana chokaa. Utayajua kwa sabuni isiyotoa povu. Chokaa hiyo ikikutana na soda ashi hutengeneza utando mweupe mwembamba juu ya kitambaa, na rangi hufifia. Ukiwa na maji ya mvua uliyokinga, yatunzie kazi hii.

“Rangi za asili ndizo salama na hazipauki”

Nazipenda rangi za asili, lakini tusizisingizie. Manjano hutia pamba rangi ya kupendeza siku ile ile, kisha jua huifuta. Na doa la manjano likiguswa na sabuni kali huwa jekundu papo hapo. Jaribu kwenye kitambaa cha jikoni utaona. Hina inayokolea mikononi mwa bi harusi haikolei hivyo kwenye pamba, kwa sababu inapenda ngozi, nywele na sufi. Magome ya mkoko hutoa kahawia yenye wekundu inayodumu, ila kukata mikoko kunahitaji kibali na hatuwezi kuimaliza pwani yetu kwa ajili ya mashati. Rangi nyingi za mimea zinahitaji shabu (alum) ili zishike. Nili ni ya peke yake: inadumu bila shabu.

Na walio na vikapu vya mkonge, msidanganywe kwamba ni lazima viwe na rangi zake za pekee. Mkonge ni mmea kama pamba ulivyo mmea, na rangi za pamba unazishika. Kumbuka tu kwamba uzi wake si mweupe. Umanjano wake hugeuza bluu kuelekea kijani.

“Ongeza unga, na usifue kwa maji moto”

Mambo haya mawili huenda pamoja. Uzi una kiasi chake cha rangi unachoweza kubeba. Unga wa ziada hubaki juu juu, nao ndio unaochafua nguo nyingine zinazofuliwa pamoja. Halafu mtu huyohuyo, kwa kuogopa rangi isitoke, huifua nguo mpya kwa maji baridi tu, na hivyo rangi isiyoshika inabaki humo ikitoka kidogo kidogo kwa miezi, kwenye jasho la kwapa, kwenye kiti cha bodaboda, kwenye kanzu.

Rangi iliyoungana na uzi haiogopi maji moto. Isiyoungana inatakiwa itoke, na itoke nyumbani kwako kabla nguo haijafika kwa mteja. Kwa rangi za soda ashi, suuza kwanza kwa maji baridi mafundo yakiwa bado yamefungwa, ili sehemu nyeupe zisichafuke. Fungua, suuza tena mpaka maji yaanze kuwa meupe. Kisha loweka kwa maji ya moto na sabuni robo saa, suuza, na urudie mpaka maji ya moto yenyewe yatoke safi.

Kabla hujaikunja na kuipangia bei, lowesha pembe moja ya nguo, ilaze juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto juu yake, kisha inua utazame. Cheupe kikitoka na alama, nguo hiyo irudi ndooni.